Uvimbe Unaofanana na Kovu

Leo tuzungumze juu ya uvimbe wa ngozi ambao ni nadra sana, lakini ukidhaniwa ni kitu kingine, mgonjwa huteseka miaka mingi.

Mwaka 1924 huko Paris, madaktari Darier na Ferrand walieleza habari za uvimbe mgumu wa ngozi, uliokua polepole na kurudi pale pale baada ya kukatwa. Mwaka uliofuata, Mjerumani Hoffmann aliupa jina: dermatofibrosakoma protuberans. (Usijisumbue kulikariri, hata sisi wauguzi hutuponyoka.) Huwapata zaidi watu wazima, ingawa watoto pia wamewahi kuzaliwa nao. Mtu huuona kifuani, mgongoni au begani, akasema ni keloidi tu.

Kwa zaidi ya miaka 70 madaktari walitegemea hasa macho na darubini. Mwaka 1997 watafiti wakagundua siri yake. Fikiria vitabu viwili vilivyochanika, kisha kurasa zake zikashonwa pamoja kimakosa. Kromosomu ya 17 ina jeni ya kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa ngozi nguvu, na katika seli za kutengeneza nyuzi jeni hiyo haipumziki. Kromosomu ya 22 ina jeni iitwayo PDGFB, inayotoa amri ya kukua. Zikiungana, amri ya kukua hutolewa mchana na usiku. Maabara ikiuona muungano huo katika kipande cha nyama ya uvimbe, shaka huondoka.

Kosa hili hutokea ndani ya seli yenyewe. Hukumrithisha mwanao, wala hakurogwa.

Ugunduzi huo ulifungua njia ya dawa. Imatinibu, iliyotumika kwanza kwa saratani ya damu, ilikubaliwa Marekani mwaka 2006 kwa watu wazima ambao uvimbe wao hauwezi kukatwa ukaisha. Lakini tiba ya kwanza bado ni upasuaji. Daktari huondoa pia ngozi nzima inayouzunguka, kwa sababu uvimbe hupenyeza mizizi pembeni. Asipojua anachokikata, huacha mizizi.

Kwa hiyo, ukiona "kovu" linaloota mahali pasipokuwa na jeraha, au uvimbe uliokatwa ukarudi, mwone daktari. Muulize kama kipande kitapelekwa maabara. Na ukienda, beba karatasi zote za upasuaji wa zamani.