Gurudumu la Rotary

Rotary, mtandao wa klabu za huduma, ilianza Chicago tarehe 23 Februari 1905, wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu. Mikutano ilizunguka kutoka ofisi ya mmoja hadi ya mwingine, ndipo jina, lenye maana ya kuzunguka, likapatikana na gurudumu likawa nembo. Nia ya mwanzo ilikuwa urafiki na biashara. Huduma kwa jamii ilifuata, tena kwa jambo lisilo na fahari: kupigania vyoo vya umma mjini. Mtu hakujiunga kwa kubisha hodi. Alipendekezwa na mwanachama, na kila kazi ilikuwa na mwakilishi mmoja. Baadaye Rotary ilienea: klabu ya Nairobi ilianzishwa 1930. Wanawake walicheleweshwa mno: sharti la wanaume pekee lilifutwa 1989.