Neno la Mwaka: Kutoka Kura ya Herrnhut

Desturi ya kushika neno moja mwaka mzima, likasomwa na kutafakariwa kuanzia Januari hadi Desemba, ina vyanzo vingi. Chanzo kinachofuatika kwa tarehe kiko Herrnhut, mashariki mwa Ujerumani. Wakimbizi wa imani kutoka Moravia walianza kujenga kijiji hicho mwaka 1722, kwenye ardhi ya kabaila kijana, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728, katika ibada ya nyimbo, Zinzendorf aliwapa wanakijiji maneno machache ya kuingia nayo siku ya pili. Ikawa kawaida: kila asubuhi ndugu wa zamu walipita nyumba hadi nyumba, wakitaja neno la siku na kuwajulia hali wenyeji. Kwa mwaka 1731 maneno hayo yalichapwa kitabu, nacho hakijakosa kutoka mwaka wowote tangu hapo.

Neno lenyewe halichaguliwi, hupigiwa kura. Takriban aya 1,800 za Agano la Kale zimeandikwa na kupewa namba. Kila mwaka watu wachache hukutana Herrnhut, namba huchomolewa kutoka kwenye bakuli moja baada ya nyingine, na aya ya kila siku ikaandikwa, miaka kama mitatu kabla ya kutumika. Aya ya Agano Jipya ndiyo hutafutwa na mtu, ioane na ile ya kura. Zamani Wamoraviani, yaani waumini wa kanisa lililokua kutoka Herrnhut, walipiga kura hata kwa mambo ya ndoa. Hilo liliachwa karne ya 19, lakini kura ya neno ikabaki. Wamisionari waliofika Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891 walitoka katika malezi hayo, na sasa Tanzania ndiyo yenye Wamoraviani wengi kuliko nchi yoyote.

Neno la mwaka mzima lilikuja baadaye, tena kwa sababu za kisiasa. Mwaka 1930 mchungaji Otto Riethmüller, aliyelea vijana wa kanisa, aliona kaulimbiu za Wanazi zikishika vinywa vya rika hilo, akataka wawe na neno la Biblia la kushindana nazo. Leo neno hilo huteuliwa na wajumbe wa Kiprotestanti na Kikatoliki, miaka kadhaa mapema, kwa kujadiliana na kupiga kura ya wajumbe wenyewe badala ya ile ya bakuli. Huhubiriwa Mwaka Mpya na kuchapwa kwenye kalenda na kadi.

Nchini Marekani, katika miaka ya 2000, desturi kama hiyo iliingia kwenye shajara za watu binafsi, na mtu akaanza kujichagulia: subira, ujasiri, pumziko. Uhuru huo una gharama yake, kwani anayejichagulia mara nyingi huchukua neno linalomfurahisha, na hakuna jirani wa kubisha hodi kumuuliza amefika nalo wapi. Baadhi ya makanisa ya huko yamerudi kwenye bahati nasibu: karibu na Epifania, tarehe 6 Januari, waumini huokota nyota za karatasi zilizoandikwa neno mojamoja, bila kuangalia. Wengi huzibandika jikoni au kwenye kioo, na asiyelipenda neno aliloliokota huombwa akae nalo kwanza kabla ya kutaka lingine.