Mapera ya Kasongo na Kabambare: mti mdogo, historia ndefu

Huku Maniema ya kusini, mpera unaota nyuma ya jiko, kando ya njia ya kisima, hata kwenye mahame ambako nyumba zimeshaanguka. Wengi wanauona kama mti wa mababu. Lakini asili yake ni Amerika ya kitropiki. Wareno ndio waliouleta Afrika pamoja na mimea mingine ya huko.

Miti ya matunda ya kigeni ilipata nguvu Kasongo wakati wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Njia yao ilitoka pwani, ikapita Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika na kufika Kabambare, pale Livingstone alipokwama mwaka wa 1870 kwa vidonda vya miguu. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis liliteka Kasongo. Daktari wa jeshi hilo, Sidney Hinde, aliandika juu ya bustani alizozikuta: machungwa, makomamanga, mananasi. Jambo moja lisisahaulike: waliolima bustani hizo walikuwa watumwa. Mabwana walishindwa vita, kilimo cha matunda na mpunga kikabaki mikononi mwa wananchi.

Mpera umedumu kwa sababu ni mgumu. Ndege na popo wanasambaza mbegu zake. Ukikatwa, kisiki kinachipua tena. Unavumilia kiangazi cha Juni hadi Agosti, na mche wa mbegu unaweza kuzaa baada ya miaka miwili mpaka minne. Ukipunguzwa matawi kila mwaka, unabaki mfupi na watoto wanachuma bila kupanda juu. Tunda lake lina vitamini C kuliko chungwa.

Kwa familia zilizokimbia makwao, shida si mche, ni udongo. Kwa desturi ya sehemu nyingi, kupanda mti wa kudumu ni kama kusema ardhi ni yako. Ndiyo maana mwenye parsele anaweza kumruhusu mgeni kupanda mihogo na kumkataza mpera. Ni heri kupatana kwanza, mbele ya shefu wa kijiji: nani atachuma, na mti utabaki wa nani siku mgeni atakaporudi kwao.

Na huko kwao, nyumba ikiwa imechomwa na mpaka umefunikwa na majani, mara nyingi mpera ndio unaoonyesha jiko lilikuwa wapi.