Matabishi: tunampa nani, kiasi gani, na wapi yanageuka rushwa

Umemaliza kula fufu na sombe katika restora moja ya katikati ya mji wa Butembo. Hesabu ni franka 8,500. Umetoa noti ya 10,000. Mhudumu anarudi na 1,500 kwenye kisahani, anaiweka mezani na kusimama kidogo. Utachukua zote? Utaacha 500? Utaacha zote? Na kama hauachi kitu, umekosea?

Swali ni dogo, lakini linagusa mambo makubwa: mshahara wa mfanyakazi, heshima ya mteja, na ile tabia ya kuombwa pesa kila mahali, ambayo imechokesha wakaaji wa Beni na Butembo. Hapa tunaeleza matabishi ni nini, tunampa nani, namna gani, na wapi yanaacha kuwa matabishi.

Jina linatoka wapi

Neno matabishi lilifika Congo kutoka luga ya Kireno: mata-bicho, maana yake "kuua mdudu". Lilikuwa jina la ile pombe kidogo mtu alikunywa asubuhi, eti kuua mdudu wa tumboni. Angola na Msumbiji, mpaka leo, neno hilo linatumika kwa chakula cha asubuhi. Kwetu likawa kitu kidogo kinachotolewa juu ya malipo.

Wafaransa wanasema pourboire, ni kusema "ya kunywa". Wajerumani wanasema Trinkgeld, "pesa ya kinywaji". Pwani ya Kenya na Tanzania wanasema bakshishi, neno la Kiajemi lenye maana ya zawadi, ao wanasema tu chai. Na sisi: "ya maji", "ya sucré". Watu wa mbali na watu wa karibu walifikiri kitu kimoja: aliyekutumikia amechoka, mpe akate kiu.

Sokoni, matabishi ni pia ile nyongeza ambayo mama muuzaji anatupa juu ya kopo la maharagi kisha kupima. Hapo anayeuza ndiye anatoa, na anayenunua anapokea. Lakini tabia ni ileile: yanakuja kisha kazi, na aliyetoa angeweza kutotoa. Shika mambo hayo mawili, yatatusaidia mbele.

Ni lazima?

Hapana. Kwetu mteja analipa bei waliyomwambia, na matabishi ni hiari yake. Nchi zingine zina desturi tofauti, ndiyo maana ndugu anayerudi kutoka inje anaweza kutushangaza. Marekani, toka mwaka 1991, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 tu kwa saa, kwa kutegemea kwamba wateja watajaza pengo. Kule kuacha asilimia 15 mpaka 20 ni kama deni. Ufaransa, toka 1987, bei ya restora inapaswa kuwa pamoja na malipo ya huduma, na mteja anaacha sarafu chache kama amependa. Japani, mhudumu anaweza kukukimbilia mpaka barabarani ili akurudishie pesa uliyoacha mezani.

Sisi tuko wapi? Sheria ya kazi ya RDC, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaweka mshahara juu ya mwajiri, si juu ya mteja. Serikali inapanga pia mshahara wa chini kabisa, ule unaoitwa SMIG. Mwaka 2018 ulikuwa franka 7,075 kwa siku kwa mfanyakazi wa ngazi ya kwanza, na mwaka 2025 ulipandishwa. Kwa hiyo mwenye restora anayemwambia binti, "Mimi sikulipi, utakula matabishi", anamtupia mteja mzigo wake mwenyewe. Mteja mwenye roho nzuri anaweza kusaidia, lakini haondoi deni la mwajiri.

Nani anapewa, na kiasi gani

Hakuna bei iliyoandikwa. Haya ni mazoea ya busara.

*Restora na nganda.* Njia rahisi ni kukamilisha hesabu: kwa 8,500 unaacha 9,000, ao 10,000 kama huduma ilikuwa nzuri kweli. Kama mlikuwa watu wengi na meza iligeuka soko, ongeza. Kwa mama anayepika na kuhudumia yeye mwenyewe katika malewa yake, matabishi si desturi kubwa. Mlipe mara moja, usiandikishe deni, na umuletee wateja wengine.

*Moto.* Bei mnapatana mbele ya kupanda. Mkifika, hauna deni lingine. Lakini kama taximan alikungojea, alikubebea mfuko wa mchele, ao alikupitisha kwenye matope ya mvua mpaka mlangoni, muachie mabaki. Usimpe pombe: bado ana watu wa kubeba.

*Wapagazi na watu wa chukudu.* Hawa hawana mwajiri. Malipo yao ni yale mlipatana tu. Usibishane mpaka umepunguza 1,000 kisha ukarudisha 500 kama zawadi, ukingojea shukrani. Lipa bei ya haki kwanza. Kama mlima ulikuwa mkali kuliko ulivyomwambia, hapo ongeza.

*Hoteli.* Mtu anayesafisha chumba haumuoni, kwa hiyo unamsahau. Siku ya kuondoka, acha kitu mezani pamoja na karatasi iliyoandikwa "asante", ili ajue haukuisahau pesa yako. Zamu wa usiku aliyekufungulia mlango saa tano na mvua inanyesha, naye umkumbuke.

*Nyumbani kwa watu.* Kama umelala siku kadhaa kwa ndugu, na kuna kijana ao binti wa kazi aliyekufulia na kukuchotea maji, ni vizuri kumuachia kitu. Lakini mjulishe mwenye nyumba. Bila hivyo, kesho mtoto wa watu ataulizwa, "Pesa hii umetoa wapi?", na zawadi yako itakuwa kesi.

*Wale wa nyuma.* Wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ndoo ya maji ya kunawa ilikuwa kwenye kila mlango Beni na Butembo. Kila ndoo ilikuwa na mtu wa kuijaza. Mtu huyo, na yule anayeosha sahani, na mpishi, hawafiki kwenye meza yako. Ukiuliza, "Mnagawana na wa jikoni?", swali hilo peke yake linaweza kubadili kitu.

Namna ya kutoa

Toa kwa mkono wa kuume, kimya, na neno la shukrani: asante mama, merci yaya, wasingya. Usitupe pesa mezani kama unalisha kuku. Usimwite mhudumu kwa kupiga makofi ao "psst". Ana jina, na kama haulijui, "dada" ao "ndugu" inatosha.

Usitoe noti iliyochanika, ile ambayo soko lote limekataa. Dola vilevile: kila mtu anajua kwamba kwetu dola iliyopasuka kidogo hainunui kitu. Kumpa mfanyakazi noti ya namna hiyo ni kumpa kazi ya kutafuta mtu wa kumdanganya.

Kama unalipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, mara nyingi pesa inaenda kwenye namba ya mwenye nyumba. Ukiongeza matabishi humo, mhudumu hatayaona. Lipa hesabu kwa simu, na matabishi uyaweke mkononi mwake.

Na jambo moja lisemwe wazi: matabishi hayanunui mtu. Kuna wanaume wanaoacha 5,000 mezani kisha wanadai namba ya simu, wanamshika binti mkono, ao wanamuuliza anamaliza kazi saa ngapi. Hiyo si ukarimu. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, juu ya unyanyasaji wa kijinsia, inaadhibu pia kumsumbua mtu kwa ajili hiyo. Na mwenye nganda anayemwambia mfanyakazi wake "vumilia, ni mteja mzuri" anapaswa kujua kwamba anashiriki.

Kama hauna pesa ya kuongeza, usione haya. Kutoa ni moyo, si utajiri. Kulipa bila kelele, kukusanya sahani, kumwambia mwenye restora mbele ya watu "huyu binti wako anafanya kazi vizuri": hayo pia yanalisha. Pengine neno hilo ndilo litamuongezea mshahara.

Kwa wenye restora na wafanyakazi

Mapatano ya wazi yanazuia ugomvi mwingi. Kama kuna kisanduku cha pamoja, kifunguliwe mbele ya wote, siku inayojulikana, na wa jikoni wapate fungu lao. Kama kila mtu anachukua yake, iwe hivyo kwa wote. Mwajiri asiweke mkono: mteja alimpa mfanyakazi, hakumpa yeye. Na matabishi yasihesabiwe ndani ya mshahara. Mfanyakazi anayenyimwa mshahara anaweza kupeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi.

Mfanyakazi naye asiombe. Kusimama juu ya mteja, kuchelewesha mabaki yake, kusema "hakuna noti ndogo" wakati mfuko umejaa, ni kugeuza zawadi kuwa ushuru. Mteja atalipa leo, na kesho atakula kwa jirani.

Wapi si matabishi tena

Turudie yale mambo mawili: matabishi yanakuja kisha kazi, na unaweza kukataa kutoa bila kupoteza haki yako. Jiulize hivyo kila mara unapoombwa. Kama pesa inatakiwa mbele, ao kama bila pesa hautahudumiwa, jina limebaki lakini kitu kimebadilika.

Karani anayekuambia faili yako "haina miguu". Afisa anayeomba "madeso ya bana", maharagi ya watoto, kama wanavyosema kwa Kilingala. Muuguzi wa hospitali ya serikali anayetaka "motivation" mbele ya kumgusa mgonjwa. Sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 iliongeza nguvu ya kanuni ya adhabu juu ya rushwa. Mtumishi wa serikali anayepokea zawadi ili afanye kazi yake anaweza kuadhibiwa, hata kama kazi yenyewe ilikuwa ya haki. Na anayekuomba "ya maji" kwenye kizuizi cha barabara, bunduki iko begani, haombi matabishi. Kodi ya halali ina risiti; maji hayana.

Sisi watu wa redio tusijitoe. Ile bahasha ambayo waandishi wa habari wanapewa kisha mkutano, coupage, inakuja kisha kazi, ni kweli. Lakini aliyetoa anangojea habari itangazwe, na itangazwe vizuri. Msikilizaji ndiye anayelipa, bila kujua.

Kwa nini kuwa wakali kwa jambo dogo hivi? Tukumbuke masomo. Katika miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi walianza kuchanga ili shule zisifungwe. Ulikuwa msaada wa roho nzuri, na uliokoa shule nyingi. Lakini polepole mchango ukawa sharti, na mtoto ambaye wazazi hawakulipa prime alirudishwa nyumbani. Ilifika mwaka wa masomo 2019-2020 ndipo serikali ikaanza elimu ya bure katika shule za msingi za umma. Hivyo ndivyo zawadi inageuka deni: pale anayepaswa kulipa mshahara anapoona kwamba wengine wanalipa kwa nafasi yake, na ananyamaza.

Ukiombwa pesa isiyo haki

Kaa mpole. Uliza kwa heshima: "Chef, bei hii imeandikwa wapi? Nitapata risiti?" Mara nyingi swali hilo linatosha. Usigombane peke yako mahali pa hatari; uzima wako ni mbele ya franka 1,000. Andika siku, saa na mahali, kisha upeleke habari kwa mkubwa wa ofisi, kwa shirika la raia la komini yako, ao kwa mtu anayejua sheria.

Na ile 1,500 kwenye kisahani?

Kama chakula kilifika moto, kama alikuletea maji ya kunawa bila kuitwa, muachie 500, ao zote, na umtazame usoni ukimshukuru. Kama huduma ilikuwa mbaya, chukua pesa yako kwa amani na useme kwa upole kilichokosekana. Njia zote mbili ni za haki, kwa sababu hapo mezani hakuna aliyekulazimisha. Ndiyo tofauti yote.