Mtawala Anapoota: Misri ya Nabii Yusuf na Uganda ya 1972



Wengi huuliza maana ya kumwota mkubwa: mfalme, rais, kadhi, hata afande. Vitabu vya tafsiri vina majibu tele. Sultani akionekana na furaha husemwa ni dalili ya radhi za Mola. Akionekana amekasirika, mtu ajichunguze dini yake. Majibu mengi hubandikwa jina la Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria (729), ingawa wanazuoni wengi wanasema kitabu kinachouzwa kwa jina lake hakukiandika yeye. Lakini kuna swali zito zaidi, na sisi wa West Nile linatuhusu: mkubwa mwenyewe akiota, raia wanalazimika kwa lipi?

Qur'ani inatupa mfano katika Suratu Yusuf. Mfalme wa Misri aliona ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Hakutoa amri asubuhi yake. Aliwauliza wakubwa wake, wakashindwa, ndipo swali likafika gerezani kwa Nabii Yusuf (A.S.). Jibu lake lilikuwa kazi: limeni miaka saba, hifadhini nafaka katika masuke yake, njaa inakuja. Na Yusuf hakukubali kutoka gerezani mpaka kesi yake ichunguzwe upya. Ndoto haikufuta haki ya mtu.

Sasa tuje kwetu. Idi Amin alikuwa Muislamu na Mkakwa; asili ya ukoo wake ni Koboko, wilaya ambayo Kuluba imo. Agosti 4, 1972 aliwatangazia wanajeshi huko Tororo kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke nchini. Muda ukawa siku 90. Alisema Mungu amemwelekeza katika ndoto. Baadaye hata waliokuwa na uraia wa Uganda walikataliwa karatasi zao. Maelfu kwa maelfu waliondoka. Takriban 28,000 walipokelewa Uingereza. Tusisahau kwamba wengi wao walikuwa Waislamu: Ismailia, Ithnaasheri, Bohora na Masunni. Maduka, nyumba na viwanda viligawiwa, wanajeshi wakipata fungu nono. Haukupita muda mrefu, sukari, chumvi na sabuni vikawa vya kutafutwa kwa tochi. Ndoto ya Misri ilijaza maghala. Hii iliacha rafu tupu.

Je, ndoto ile ilikuwa ya kweli? Hilo analijua Allah (S.W.). Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuwa ndoto ni za aina tatu: bishara njema kutoka kwa Allah, huzuni inayotoka kwa shetani, na mtu kuota yale anayoongea na nafsi yake. Lakini hukumu haingoji jibu hilo. Imam An-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) alieleza kwamba, usiku wa 30 Shaaban, mwezi usipoonekana, kisha mtu akamwona Mtume (S.A.W.) ndotoni akimwambia usiku huu ni wa Ramadhani, haifai kufunga kwa ndoto hiyo. Sababu ni kwamba aliyelala hana uthabiti wa kudhibiti alichosikia. Ikiwa kufunga siku moja hakuthibiti kwa njia hiyo, kuchukua nyumba na duka la mtu kutathibiti vipi? Wanafunzi wa madrasa waulizwe swali hili, wanalimudu.

Deni la utawala ule halikulipwa na aliyeota. Amin aliangushwa Aprili 1979 na akafariki Jeddah, Saudi Arabia, mwaka 2003. Waliobaki nyumbani ndio waliohesabiwa kuwa watu wake. Baada ya askari wake wa zamani kuvamia kutoka Zaire na Sudan, Oktoba 1980, jeshi la serikali mpya liliwaangukia raia wa West Nile. Juni 24, 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombachi, karibu na Arua, waliuawa humo humo. Waislamu na Wakristo, Wakakwa, Walugbara na wengine, walivuka mipaka kwa maelfu, na wapo waliokaa ukimbizini miaka mingi kabla ya kurudi kwenye mashamba yaliyokwisha kuwa msitu.