Likizo ya Uzazi Pasipo Mtoto: Historia ya Neno Moja katika Sheria ya Uganda



Leo tunasoma historia ya neno moja la sheria. Mwanamke aliyeajiriwa anapoharibikiwa na mimba, huhitaji muda wa kupona mwili na moyo. Akiomba likizo ya uzazi, huenda akajibiwa kwa swali fupi: “Mtoto yuko wapi?” Anayeuliza hivyo anaamini kwamba likizo hiyo ni ya mtoto. Imani hiyo ina mizizi mirefu katika sheria, lakini nchini Uganda haina msingi tangu mwaka 2006.

Mizizi ya swali

Uingereza, iliyoitawala Uganda hadi mwaka 1962, ilianzisha fedha za uzazi kwa Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911. Zilikuwa shilingi 30 kwa kila uzazi. Mke wa mtu mwenye bima hakuhesabiwa mwanzoni kuwa mwenye fedha hizo. Ilibidi sheria irekebishwe mwaka 1913 ndipo zikawa mali yake.

Sheria iliyofuata, ya mwaka 1946, ilieleza maana ya kuzaa: ni kujifungua mtoto aliye hai, au kujifungua baada ya wiki 28 za ujauzito, mtoto awe hai au amekufa. Kwa hiyo mwanamke aliyepoteza mimba katika wiki ya 20 hakuwa amezaa machoni pa sheria. Mwaka 1992 kikomo hicho kilishushwa hadi wiki 24, lakini kikomo kilibaki.

Si kila nchi iliyopita chini ya Waingereza iliishia hapo. India, katika Sheria ya Mafao ya Uzazi ya mwaka 1961, ilimpa mwanamke aliyeharibikiwa na mimba likizo ya wiki 6 yenye malipo, mradi alete uthibitisho.

Majirani walivyoandika

Kenya, kwa sheria ya mwaka 1976, ilitoa miezi 2 yenye malipo kamili, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Sheria ya mwaka 2007 iliongeza muda ukawa miezi 3 na kuondoa adhabu hiyo. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2004, iliweka siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Tena ilimwongezea siku 84 mama ambaye mtoto wake amefariki kabla ya kutimiza mwaka. Huo ni utu mkubwa. Hata hivyo, masharti hayo ya Kenya na Tanzania yalipotungwa hayakutaja mimba iliyoharibika.

Rwanda ilishughulikia upande wa malipo. Sheria yake ya mwaka 2016 iliunda mfuko wa likizo ya uzazi unaochangiwa na mwajiri na mwajiriwa kwa sehemu sawa, ili mwajiri asibebe mzigo wote peke yake.

Uganda na neno lake

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilimtaka kila mwajiri amlinde mfanyakazi mwanamke wakati wa ujauzito na baada ya kujifungua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ikaenda mbele zaidi. Ilimpa mwanamke siku 60 za kazi zenye ujira kamili “kwa sababu ya ujauzito”. Haikusema kwa sababu ya mtoto. Kisha ikaagiza kwamba angalau wiki 4 kati ya muda huo zifuate kujifungua au kuharibika kwa mimba. Hata mume alikumbukwa: alipewa siku 4 za kazi baada ya mkewe kujifungua au kuharibikiwa na mimba.

Mzigo wa kulipa, hata hivyo, uliachiwa mwajiri mwenyewe, naye anayelipa kutoka mfukoni mwake hushawishika kukataa. Isitoshe, sheria humlinda mwenye ajira. Mama anayeuza ndizi sokoni hana mwajiri wa kumdai.

Kutoka na kutoa

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kwamba “mimba imetoka” si sawa na “ametoa mimba”. Kauli ya kwanza inataja msiba. Ya pili inataja tendo, na nchini Uganda tendo hilo kwa kawaida ni kosa la jinai. Lugha ya kitabibu ya Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, ikiongeza kivumishi tu. Karani asiyejua hilo aweza kusoma cheti cha hospitali na kumshuku mfiwa. Kwa kuwa mwajiri anaruhusiwa kudai cheti cha daktari au mkunga, ni vyema mhusika aombe kiandikwe waziwazi kwamba mimba iliharibika yenyewe, na tarehe yake.

Njia ya rufaa

Aliyekataliwa aombe jibu kwa maandishi, kisha apeleke malalamiko kwa afisa wa kazi wa wilaya. Afisa asipotoa uamuzi ndani ya siku 90, mlalamikaji anaweza kulifikisha shauri kwenye Mahakama ya Viwanda. Uamuzi ukitoka naye asiridhike, anaweza kukata rufaa katika mahakama hiyohiyo.

Rufaa hiyo husikilizwa juu ya hoja za sheria. Hoja za ukweli wa mambo huhitaji kwanza kibali cha mahakama. Ndipo thamani ya neno inapoonekana. Swali kama likizo inamhusu aliyeharibikiwa na mimba ni swali la sheria, na jibu lake limeandikwa. Bila neno hilo, mwanamke angeomba huruma. Kwa neno hilo, anadai haki.

Maswali ya kutafakari

1. Eleza tofauti kati ya kuomba huruma na kudai haki, ukitoa mfano mmoja kutoka makala haya.
2. Tunga sentensi mbili zinazotofautisha vitenzi “kutoka” na “kutoa”.
3. Je, mama muuza ndizi angesaidiwaje? Jadili kwa kurejelea mfuko wa Rwanda.