Daftari la Vifo na Kisima cha Soho

Wako wazee wasiopenda watu wao wahesabiwe, wala jina la marehemu litiwe katika kitabu cha serikali. Hatuwacheki. Lakini twapenda wasikie habari za kitabu cha namna hiyo katika mji wa London.

Tangu Julai 1837 sheria iliagiza kila kifo katika Uingereza kiandikwe, na William Farr ndiye aliyehesabu katika madaftari hayo ni wangapi waliokufa, kwa ugonjwa gani, na mahali gani. Mwisho wa Agosti 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho kwa ghafula. Katika siku kumi wakafa watu zaidi ya 500. Wengi wenye elimu walidhani huletwa na hewa chafu. Daktari John Snow alishuku maji. Akaomba orodha ya waliokufa juma lile, akachunguza vifo 83, akaenda mlango kwa mlango. Karibu wote walikaa jirani na kisima cha bomba cha Broad Street.

Lakini waliopona nao walikuwa mashahidi. Nyumba ya maskini iliyokuwa karibu ilikuwa na watu 535, wakafa watano tu, kwani walikuwa na kisima chao. Katika kiwanda cha pombe hakufa mtu; walikunywa pombe yao (walevi wasijisifu!). Tena mjane mmoja wa Hampstead, mbali na Soho, alikufa: kila siku alipelekewa chupa ya maji ya kisima kile, kwa kuwa aliyapenda.

Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba ukaondolewa. Kwa kweli ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua, maana wengi walikuwa wamekimbia.

Kasisi Henry Whitehead wa mtaa ule hakumsadiki Snow, akaanza kuuliza watu ili amkanushe. Siku moja, akipekua daftari, aliona mstari wa mtoto mchanga wa nyumba nambari 40, aliyekufa kwa kuhara tarehe 2 Septemba. Akamwendea mama yake. Mama akasema alifua nguo za mtoto na kumwaga maji katika shimo la uchafu mbele ya nyumba. Shimo likachimbuliwa: lilikuwa karibu sana na kisima, na uchafu wake ulipenya humo.

Snow alikufa mwaka 1858, wengi wakiwa hawajamwamini. Farr naye, aliyeshikilia habari ya hewa miaka mingi, alikubali mwaka 1866, kipindupindu kiliporudi, hesabu zake mwenyewe zilipomwonyesha vifo vikifuata maji ya kampuni moja ya mashariki ya mji.